Mwalimu wa Utafiti na Mto wa Karoti

Nikianza na sifa nitakuwa nimedanganya, na yeye alichukia uongo kuliko alivyochukia siafu. Kwa hiyo naanza na hasira. Mwalimu wangu wa utafiti wa jamii amenikasirisha tangu siku ya kwanza nilipokaa mbele yake chuoni, hapa hapa Lushoto, na mpaka leo nikimkumbuka mkono wangu hutafuta kitu cha kubamiza mezani.

Alikuwa mwanamke mfupi, mweusi tii, mwenye sauti ya kuita mtu aliye ng'ambo ya bonde. Aliingia darasani bila salamu, akasubiri sisi tumalize shikamoo yetu ndefu, akaitikia marahaba kana kwamba anamwaga maji aliyonawia. Kisha akauliza, "Watu waliopanga foleni kwenye mashine ya kusaga, ni jamii?" Mwenzetu mmoja wa kutoka kwenye mashamba ya chai akajibu upesi kwamba ndiyo, maana wako pamoja. "Kuku wangu nao wako pamoja," akasema Mwalimu. "Hao kwenye foleni nani anampisha nani? Mjamzito akija inakuwaje? Mzee akija? Anayechomekea anasemwaje, na nani anamsema? Ukishanijibu hayo ndiyo uniambie jamii." Mimi nilikwenda mashineni jioni hiyo hiyo kuangalia, nikarudi nimechukia kwa sababu alikuwa sahihi.

Kila kazi tuliyompelekea ilirudi na wino mwekundu, maneno yale yale mawili: Nani alijibu? Uandike kurasa ngapi, uweke michoro, ujaze marejeo, haidhuru. Nani alijibu? Mwenzetu mmoja aliandika kwamba wanakijiji wanapenda kilimo cha kisasa. Loo! Alisimamishwa mbele ya darasa.

"Wanakijiji gani?"

"Wote, Mwalimu."

"Mjane aliyeko shambani ulimuuliza? Kijana anayebeba magunia ulimuuliza? Au ulikwenda kwa mwenyekiti, ukakaa barazani kwake, ukanywa chai yake, ukarudi hapa na wanakijiji wote mfukoni?"

Kijana wa watu akakiri kwamba ilikuwa chai na mihogo. Tulicheka, lakini kila mmoja alikuwa anajikagua moyoni alikunywa chai ya nani.

Sasa nieleze habari ya mto, maana bila mto huwezi kumwelewa huyu mama. Sisi wa upande wa bondeni tunalima karoti, kabichi na hoho. Karoti haiuziki na udongo wake. Siku ya kuamkia gulio wanawake wote tunashuka mtoni, tunamwaga karoti kwenye vidimbwi tulivyovizungushia mawe, tunapandisha gauni, tunaingia ndani na kuzikanyaga kwa miguu, tunazigeuza, tunazikanyaga tena mpaka zing'ae. Halafu magunia, halafu Fuso ya kwenda Tanga au Dar. Maji yale ni ya baridi, miguu inakufa ganzi, lakini hapo ndipo tunaposema yote. Ndoa za watu, magonjwa, nani kapigwa, nani anakopa, nani anataka kuondoka. Hapo ndipo Mwalimu alipoamua kuja kufanyia utafiti wake, na alikuja mwaka hadi mwaka.

Alikuja na gambuti za kiume, kubwa, zikimpwaya kila akipiga hatua. Sijui za nani. Aliingia dimbwini na kukanyaga karoti pamoja nasi, vibaya, anazivunja, na wazee wetu wakimfukuza anahamia dimbwi la pili. Wale wazee aliwaamkia shikamoo kwa kuchutama kabisa, yeye aliyekuwa akipokea shikamoo za maprofesa. Alisema, "Sebuleni watu hunijibu. Mtoni watu huongea." Na ilikuwa kweli. Jirani yangu mmoja alipoulizwa nyumbani, mumewe kakaa pembeni, nani anaamua mambo ya shamba, alisema kwa adabu zote, "Tunaamua wote, mimi na baba watoto." Kesho yake mtoni akapiga kelele, "Wote! Mimi naamua kulima, yeye anaamua kuuza!" Tukacheka mpaka karoti moja ikaenda na maji. Mwalimu hakuandika chochote pale. Alingoja mpaka apande juu barabarani.

Alikuwa na ujanja wake wa kuwatoa wanaume. Alitufundisha kwamba ukimuuliza mwanamke na mume yupo, umemuuliza mume. Lakini pia huwezi kumwambia mwenye nyumba atoke, utakuwa umevunja heshima na hutajibiwa tena na ukoo mzima. Basi alikuwa akienda na mwanafunzi, anakunywa maji, anasifu nyumba, halafu anamgeukia mume na kumwita bwana kwa Kishambaa. "Mgosi, huyu kijana wangu hajawahi kuona hoho zilizostawi kama zako. Hebu mpeleke ukamwonyeshe." Mwanaume wa Kishambaa umsifie hoho zake! Anaondoka kifua mbele na harudi mpaka ameonyesha na za jirani zilivyodumaa. Mwalimu anabaki na mke jikoni.

"Usimfukuze," alikuwa akituambia. "Mpe sifa atoke mwenyewe."

Na baada ya swali, kunyamaza. Hili lilikuwa somo lake kubwa. Mtu akikaa kimya usimsaidie, usimmalizie, usimtajie majibu. Alitufanyisha mazoezi darasani wawili wawili, unauliza kisha unafunga mdomo mpaka mwenzako aongee, na sisi tusiozoea tulitoka jasho. Wa kwetu wengi kukaa kimya na mtu ni kama umemnunia. Ukimuuliza mgeni habari asijibu, unamjibia wewe mwenyewe: "Nzuri tu, eh? Nzuri." Yeye alisema mchezo huo ndio unaoharibu utafiti wote wa milimani.

Haya. Sasa huyo huyo mama mwenye kufundisha ukimya, nje ya darasa hakumwacha mtu amalize sentensi. Ukianza kusema umechelewa kwa sababu, yeye kashasema sababu, kashaikataa, kashakupa adhabu. Huyo huyo aliyekuwa akitukata alama kwa maswali yenye jibu ndani yake, alikwenda kantini kila asubuhi na kumwambia mama ntilie, "Chai hii imepoa, sivyo?" Siku moja nikashindwa kuvumilia, nikasema, "Shikamoo Mwalimu, hilo ni swali la kuongoza." Alicheka mpaka akakohoa, akaniagizia andazi, halafu akaniongezea kazi ya ziada ya wiki nzima.

Na ridhaa je? Alitusomea vipindi na vipindi kuhusu ridhaa. Mhojiwa ni mtu, ana haki ya kukataa, ana haki ya kuacha katikati, hutakiwi kumlazimisha. Vizuri sana. Kulikuwa na babu mmoja juu ya kwetu, mtaalamu wa dawa za miti, hakutaka kuhojiwa. Mwalimu alikwenda kusimama mlangoni kwake asubuhi, akarudi na kesho, akarudi na keshokutwa, kasimama tu na gambuti zake. Mwishowe babu akamwambia, "Mwanangu, uliza basi uondoke, mbuzi wangu wanakuogopa." Alirudi darasani akatuambia amepata ridhaa. Eti ridhaa! Mimi ningeita kuchoshwa.

Lakini nilimpenda, jamani. Ndiyo maana nina hasira. Mtu usiyempenda anakuudhi ukalala ukasahau.

Nilimaliza chuo, kazi sikupata, nikarudi nyumbani, nikaolewa, nikalima. Mume wangu ni mchuuzi, wiki nzima yuko Tanga, mara Muheza, anarudi siku mbili anaondoka. Karibu wanaume wote wa upande wetu ni hivyo. Nilibaki na mama mkwe, watoto, karoti, na Mwalimu wangu akija mtoni tunakanyaga pamoja na kubishana.

Ndipo ukaja mradi wa maji. Ulitaka kuchukua maji juu kabisa kwenye chanzo cha mto wetu, uyapeleke kwa bomba kwenye nyumba mpya na za wageni kando ya barabara kuu. Kabla ya kuchukua, lazima uulize wanaoyatumia. Wenye mradi wakaomba chuo kifanye utafiti, na chuo kikampa Mwalimu. Mimi niliposikia nilifurahi, wallahi. Nikawaambia wenzangu tulieni, huyu ni wa kwetu, huyu anajua mto wetu kwa miguu yake.

Yeye akatunga dodoso. Yeye akawafundisha vijana wa kwenda nyumba kwa nyumba. Halafu akabaki ofisini, maana alikuwa na mitihani ya kusahihisha.

Vijana walikuja na vishikwambi, wasafi, wenye adabu, siku ya kuamkia gulio. Siku hiyo ukimkuta mwanamke nyumbani ujue kajifungua au anazikwa kesho. Tulikuwa wote mtoni. Wakafika kwetu, wakamkuta mama mkwe anachambua maharage. Swali la kwanza kwenye kishikwambi: naomba kuzungumza na mkuu wa kaya. Na kishikwambi hakisogei mbele mpaka mkuu wa kaya apatikane.

Mama mkwe alifanya ambalo mama yeyote wa huku angefanya. Wageni wenye barua ya serikali hawajibiwi na kikongwe, wala mtoto hatumwi mtoni kumleta mkamwana mwenye miguu ya tope aje kuongea na wageni. Anaitwa mwanaume. Mwanaume pekee aliyekuwepo upande wote ule ni shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, aliyekuwa nyumbani mguu wake umefungwa hogo la plasta baada ya kuanguka na bodaboda. Akaletewa kiti. Akajibu kwa niaba ya kaka yake. Vijana wakashukuru, wakaenda nyumba ya pili, ya binamu yake. Binamu yuko Tanga. Bibi wa pale akasema, ngojeni nimwite mwenye mguu. Ya tatu hivyo hivyo. Baadaye vijana wakamhurumia na mguu wake, wakakaa naye hapo hapo kwenye benchi, akajibia nyumba zote bila kunyanyuka.

Na hakusema uongo! Hilo ndilo linalonichoma. Walimuuliza kaya inatumia maji gani, akasema ya bomba. Mto je? Akasema, "Wa nini? Bomba lipo." Yeye anaoga ya bomba, anakunywa ya bomba, karoti anaziona zikiwa kwenye gunia zimeshang'aa. Habari ya mto ataijulia wapi?

Tulijua mambo hayo baada ya saruji kumwagwa kule juu na mto kuwa kijitope. Tulishuka siku ya kuamkia gulio kama kawaida na magunia yetu, tukakuta vidimbwi vimekauka, mawe yamekaa kama meno. Tukaanza kuulizana.

"Wewe walikuuliza?"

"Sikuwepo. Alinijibia shemeji yako."

"Na wewe?"

"Huyo huyo."

"Wa mguu?"

"Wa mguu."

Mmoja akacheka, halafu hakuna aliyecheka tena. Ripoti ilisema upande wetu hautegemei mto. Upande wetu ulikuwa ni mtu mmoja mwenye hogo.

Tangu hapo tunabeba karoti mpaka bonde la chini, mbali, kwenye maji ya watu wengine, tunaosha kwa kuomba. Jirani yangu aliyepiga kelele siku ile ameacha kulima karoti, mgongo umekataa. Wachuuzi hawachukui zenye udongo.

Nilikwenda chuoni na miguu yangu hivyo hivyo, na tope lake. Nikamkuta ofisini, anasahihisha, wino mwekundu mkononi. Nikamweleza. Mwanzo alinijibu kitaalamu, kwamba mkuu wa kaya ni dhana ya msingi, inatumika kila mahali, mtu anayejibu kwa niaba ya kaya, hapo ndipo sampuli inapoanzia. Nikamwacha amalize. Nilikuwa nimefundishwa kunyamaza na nani? Nikanyamaza. Akaanza kujikanyaga. Akasema vijana walitakiwa kurudi siku nyingine. Akasema hakuna utafiti usio na dosari. Mimi kimya.

Halafu nikamwambia, "Mwalimu, miaka yote unatuuliza nani alijibu. Leo nakuuliza mimi. Nani aliulizwa? Uliandika mwenyewe kwenye dodoso kwamba aulizwe mwanaume, sasa unawalaumu vijana kwa nini kajibu mwanaume. Umekaa mtoni kwetu miaka yote hiyo, ukashindwa kuweka swali moja la mto kwa mwenye mto?"

Kalamu ilibaki hewani. Sikuaga.

Najua aliandika kwa wenye mradi kuomba warudie. Najua walimjibu kwamba awamu ile imeshafungwa. Niliambiwa na katibu wake. Lakini mtoni hakuja. Alikuwa anakuja wakati wa maji, akila mihogo yetu na kucheka na vicheko vyetu, na yalipokauka hakuja hata kutuambia pole. Akastaafu, akaenda kukaa kwake upande wa Kifungilo, nikasema moyoni na akae huko huko.

Mwezi uliopita mradi ukarudi. Wanataka bomba la pili, juu zaidi. Tukaitwa mkutano, nikasimama, nikasema majibu yale ya kwanza hayakuwa yetu. Bwana mmoja mwenye shati la mikono mirefu akaniuliza, "Mama, wewe ni nani upinge utafiti wa kitaalamu?" Watu wakacheka, na waliocheka wengine ni wa kwetu. Wakasema watamalizia Jumamosi, na Jumamosi hiyo mradi unapitishwa. Nililala na hilo. Asubuhi nikajua hakuna mtu watakayemsikiliza isipokuwa aliyeufanya utafiti ule.

Nikaenda. Sikujua kwamba amepata kiharusi.

Alikuwa amekaa kwenye kiti kando ya kitanda, shali begani, upande mmoja wa uso umeshuka, bakuli la uji kwenye kimeza mbele yake. Mwanawe, mtu mzima mwenye heshima zake, amehamia kumuuguza na amelima kabichi nzuri nyuma ya nyumba. Nikapiga magoti. "Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba, anasema marahaba," mwanawe akaitikia.

"Unaendeleaje, Mwalimu?"

"Anaendelea vizuri. Anakula. Uji anaupenda sana, siku hizi hataki kitu kingine."

"Usiku unalala?"

"Analala vizuri."

Mwanawe hakuwa mbaya. Alikuwa na upendo, tena wa kweli, na ameshazoea. Lakini nilimtazama Mwalimu machoni, jicho lile zima, nikaona moto. Nilikuwa naujua moto ule. Ulikuwa ukituwakia darasani tukiandika wanakijiji wote.

Nikageuka. "Kaka, kabichi zako nimeziona kutoka barabarani. Zangu zimeliwa na wadudu. Hivi hebu nenda ukanichagulie moja nikawaonyeshe wenzangu."

Akanyanyuka kifua mbele. Alipotoka mlangoni, ule upande mzima wa mdomo wa Mwalimu ukapanda juu. Aliujua ujanja wake.

Nikamwambia habari ya bomba la pili na ya Jumamosi. Kisha nikauliza, "Unasemaje, Mwalimu?" Nikafunga mdomo. Kuku walipita uani. Uji ulianza kuganda. Sikumsaidia, sikummalizia.

"Nili... chelewa," akasema.

"Ndiyo. Ulichelewa. Na mtoni hukuja."

"Aibu."

Nilitaka kumshika mkono, na sikumshika. "Aibu yako haioshi karoti, Mwalimu. Jumamosi watapitisha. Utakuja ukawaambie wewe mwenyewe kwamba hatukuulizwa?"

Midomo yake ikahangaika, na mimi nikangoja. Hapo mwanawe akarudi na kabichi mbili, moja kila mkono, akasikia neno la Jumamosi.

"Hapana, dada, Mama haendi popote," akasema kwa upole. "Amechoka. Hata yeye mwenyewe hataki."

Mkono mzima wa Mwalimu ukainuka na kushuka kwenye kimeza. Bakuli likaruka, uji ukamwagika mpaka kwenye kabichi za watu.

"Nani... kaulizwa?"

Mwanawe akaziweka kabichi chini. Mwalimu akanigeukia mimi, akavuta pumzi, akalitafuta neno na kulipata kwa shida.

"Gam... buti."

Nikainama kuangalia uvunguni mwa kitanda. Zilikuwepo.